Nuru Dhaifu Inavyopandishwa Ngazi
Maelezo baada ya habari kwa askari wa jeshi na polisi

 

Katika miaka hii ya karibuni, taarifa za habari zimetaja mara nyingi jina la Makuutu, mahali palipo katika nchi ya Busoga, mashariki ya Kampala, ambapo udongo umeonekana kuwa na madini yaitwayo madini adimu. Wengi wameuliza: madini hayo si dhahabu, si shaba, wala si mafuta, basi ni ya kazi gani? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba hutengenezewa sumaku zenye nguvu, za kuendeshea magari ya umeme na mitambo ya upepo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Baadhi ya madini hayo yana kazi nyingine, nayo ni kupokea nuru dhaifu isiyoonekana kwa macho na kuitoa tena ikiwa nuru yenye nguvu zaidi.

Leo twapenda kuieleza kazi hiyo, hasa pale madini adimu yanapotiwa ndani ya unga mweupe uitwao dioksidi ya titani. Twaieleza kwa askari kwa sababu inagusa mambo matatu yaliyo katika wajibu wao: noti inayopita mkononi, ushahidi unaopelekwa mahakamani, na maji yanayonywewa kambini. Tena, jambo jipya lisiloeleweka ni shamba la matapeli, na askari ndiye anayeitwa tapeli anapokwisha kula fedha za watu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmelishuhudia. Mwenye duka mjini Kampala anapopewa noti kubwa, huiweka chini ya taa ndogo yenye mwanga wa buluu iliyokolea. Katika noti halali, alama fulani huwaka kwa rangi. Karatasi ya kawaida, ambayo kiwandani hutiwa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, huwaka yote kwa buluu, na hiyo ni dalili mbaya. Taa ile hutoa mwanga uitwao urujuanimno, yaani mwanga uliopita rangi ya urujuani, ambao jicho halina uwezo wa kuuona. Wino wa noti huupokea mwanga huo na kuutoa tena kwa rangi inayoonekana. Mwaka 2002, wanasayansi wawili wa Utrecht nchini Uholanzi, Freek Suijver na Andries Meijerink, walizichunguza noti za Euro chini ya taa ya namna hiyo, nao wakaona katika mng'ao wake dalili za europi, ambayo ni moja ya madini adimu.

Hapa hapana budi tueleze mwanga wenyewe ni kitu gani. Mwanga haumiminiki kama maji ya mfereji. Husafiri katika mafungu madogo yasiyogawanyika, ambayo wataalamu huyaita fotoni. Kila fotoni ina kiasi chake cha nishati, na kiasi hicho hutegemea rangi. Katika upinde wa mvua, fotoni za nyekundu zina nishati ndogo na fotoni za urujuani zina nishati kubwa. Kupita urujuani kuna urujuanimno, wenye nishati kubwa zaidi. Huo ndio unaochujua rangi ya pazia na ya sare zinazoanikwa juani kila siku. Chini ya nyekundu kuna infraredi, yenye nishati ndogo zaidi. Infraredi ndiyo inayotoka katika rimoti ya televisheni, na ndiyo inayotumiwa na taa za kijeshi ambazo adui hazioni kwa macho matupu, lakini askari mwenye darubini ya usiku huziona.

Sasa angalieni jambo hili. Katika taa ya mwenye duka, nishati inayoingia ni kubwa na inayotoka ni ndogo. Urujuanimno unaingia, nyekundu au kijani inatoka, na tofauti yake hupotea kama joto. Ni sawa na jiwe kuporomoka mlimani, halihitaji msaada. Mwanasayansi George Gabriel Stokes aliieleza desturi hiyo mwaka 1852, na kwa muda mrefu watu waliichukua kuwa sheria ya namna vitu hivyo vinavyong'aa. Jambo tunalolizungumzia leo ni kinyume chake: infraredi dhaifu inaingia, na kijani au buluu yenye nguvu zaidi inatoka. Jiwe limepanda mlima. Yawezekanaje?

Tuchukue mfano wa uwanja wa mazoezi. Upo ukuta laini wenye kimo cha mita mbili, usio na pa kukanyaga. Kuruta anayeweza kuruka mita moja tu hatauvuka. Mlete mwingine kama yeye, mlete wa mia, waruke tangu alfajiri hadi jioni. Hakuna atakayevuka, kwa sababu kila mmoja huanza upya kutoka chini. Wingi wao hausaidii kitu. Ndivyo ilivyo kwa fotoni dhaifu mbele ya kazi inayohitaji fotoni yenye nguvu, na jambo hilo Albert Einstein alilieleza mwaka 1905. Lakini fanyeni jambo moja: wekeni kidato katikati ya ukuta. Sasa mruko wa kwanza unamfikisha kuruta kwenye kidato. Hapo anatua, na mruko wa pili unaanzia hapo alipotua. Mirushio miwili midogo imefanya kazi ya mmoja mkubwa.

Madini adimu ndiyo yenye vidato hivyo. Atomu zake zinapokuwa zimepoteza baadhi ya elektroni zake huitwa ioni, na ndani ya ioni hizo nishati hukaa kwa ngazi zenye vidato vilivyopangika vizuri. La muhimu zaidi ni kwamba vidato hivyo hushikilia. Katika vitu vingi, nishati iliyopanda huanguka mara moja, kabla ya msaada wa pili kufika. Katika ioni ya iterbi, nishati huweza kukaa kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwetu muda huo si kitu, lakini katika ulimwengu wa atomu ni siku nzima ya kungojea.

Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na ioni mbili zikishirikiana. Iterbi ni hodari wa kudaka infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 980 hivi; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ikisha kuidaka, huipitisha nishati kwa jirani yake, ioni ya erbi, kama vile mafundi wanavyopitishiana karai la zege kutoka chini hadi juu ya ghorofa. Karai la kwanza huiweka erbi kwenye kidato cha katikati. Karai la pili huifikisha juu. Kisha erbi huteremka kwa mkupuo mmoja na kutoa fotoni ya kijani, au ya nyekundu kwa njia nyingine. Jirani akiwa ni ioni ya thuli, ngazi huwa ndefu zaidi: makarai matatu hutoa buluu, na manne huweza kutoa urujuanimno. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee; na hapa fotoni moja haitoi kijani.

Hakuna uchawi katika jambo hili, wala hakuna nishati iliyozaliwa bure. Fotoni mbili au zaidi zimetolewa, imepatikana moja, na iliyopatikana ina nishati pungufu ya jumla ya zile zilizotolewa. Atakayewaambia kwamba amepata unga unaoongeza nishati ya jua mara mbili, huyo anadanganya.

Historia ya maarifa haya ina jambo litakalowapendeza wanajeshi. Mwaka 1787, ofisa wa jeshi la Sweden, Luteni Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi zito katika machimbo ya kijiji cha Ytterby, karibu na Stockholm. Hakulipuuza, bali alilipeleka kwa wataalamu. Na mwaka 1794 Johan Gadolin alitambua ndani yake kitu kilichokuwa hakijulikani. Kutokana na kijiji hicho kimoja yametoka majina ya elementi nne: itri, terbi, erbi na iterbi. Hivyo mlango wa elimu ya madini adimu ulifunguliwa na luteni aliyekuwa na tabia ya kutazama chini anapotembea. Ama kuhusu kupandisha nuru, Nicolaas Bloembergen, aliyezaliwa Uholanzi na kufanya kazi Marekani, alitoa wazo la kugundua infraredi kwa njia ya vidato mwaka 1959. Mwaka 1966, François Auzel wa Ufaransa alionyesha namna ioni jirani zinavyopitishiana nishati, na mwaka huo huo Ovsyankin na Feofilov wa Urusi ya Kisovieti walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao.

Tugeukie sasa upande wa pili, yaani dioksidi ya titani. Unga huu mnaujua ingawa huenda hamjui jina lake, kwa kuwa ndio unaotia weupe katika rangi nyingi za ukutani na katika karatasi. Titani yenyewe iligunduliwa mwaka 1791 na kasisi William Gregor wa Cornwall, Uingereza, katika mchanga mweusi wa kijito. Mchanga wa namna hiyo upo kwetu Afrika Mashariki. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwaka 2013 na kuchimba hadi mwishoni mwa mwaka 2024, ikisafirisha ilmenaiti na rutaili kupitia Likoni. Rutaili ni dioksidi ya titani katika umbo lake la asili. Makumi ya meli yaliondoka na mchanga, na rangi nyeupe ikarudi dukani ndani ya makopo yenye bei.

Sifa nyingine ya unga huu ilitangazwa mwaka 1972 na Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda. Walionyesha kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji kwa urujuanimno, huweza kuyagawa maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Baadaye ikaonekana kwamba unga huo ukimulikwa hutoa pia vitu vikali vinavyounguza uchafu na kuua vijidudu. Fotoni yenye nguvu huing'oa elektroni mahali pake. Elektroni hiyo, pamoja na pengo iliyoliacha, hufika juu ya chembe na kushambulia kilicho karibu. Unga wenyewe hauliwi. Hubaki tayari kwa kazi tena. Ndiyo maana huitwa kichocheo. Unga ukisagwa hadi chembe zake zikawa za nanomita makumi machache, uwezo wake huongezeka, kwa kuwa gramu moja ya chembe hizo huweza kuwa na uso wa mita za mraba 50, sawa na sakafu ya chumba kikubwa.

Kwa nini basi hatuusambazi unga huo katika kila tangi la maji? Kwa sababu ya ule ukuta. Ili kuing'oa elektroni katika dioksidi ya titani ya aina itumiwayo zaidi kwa kazi hii, fotoni lazima iwe na nishati ya elektroni-volti 3.2, ambacho ni kipimo cha nishati ndogo ndogo za atomu. Fotoni za urujuanimno zinacho kiasi hicho. Za kijani na nyekundu hazinacho, na za infraredi ziko mbali nacho kabisa. Katika jua linaloifikia ardhi, urujuanimno ni takriban sehemu 5 tu kwa 100, au pungufu. Karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi. Kampala iko karibu sana na mstari wa ikweta; jua linaliwaka paa la bati la Nsambya mwaka mzima; lakini kwa unga ule, sehemu 95 kwa 100 za jua hilo ni kama mvua iliyonyesha juu ya mwamba.

Hapo ndipo maarifa mawili yanapokutana. Wanasayansi wakasema: kama ioni za madini adimu huweza kuipandisha infraredi, na kama dioksidi ya titani hungojea urujuanimno, basi tuzitie ioni hizo ndani ya chembe za titani, ili zikusanye nuru inayopotea na kuigeuza kuwa nuru ya kazi. Wazo ni zuri, na maabara nyingi za dunia zimelifanyia kazi. Hata hivyo, ni wajibu wetu kueleza vizuizi vyake, kwa kuwa habari iliyopunguzwa nusu ni hatari kuliko kutojua.

Kizuizi cha kwanza ni hesabu. Fotoni ya nanomita 980 ina elektroni-volti 1.27. Mbili zina 2.5, nazo hazifikii 3.2. Kwa hiyo kijani cha erbi, ijapokuwa kinapendeza machoni, peke yake hakiuvuki ukuta wa titani. Tatu zina 3.8, lakini sehemu ya nishati hupotea njiani, hata buluu ya thuli pia haitoshi. Zinahitajika nne ili kupata urujuanimno wa nanomita 360 hivi. Na kila kidato kinapoongezeka, wanaofika juu hupungua.

Kizuizi cha pili ni nyumba yenyewe. Ioni ya erbi ni kubwa kuliko ioni ya titani, hivyo huingia kwa shida katika safu za dioksidi ya titani, kama mtu mnene katika handaki lililochimbwa kwa mtu mwembamba. Zikizidi, hubanana na kunyang'anyana nishati, na mwanga hufifia. Tena safu za oksidi hutikisika kwa nguvu, na mtikisiko huo huiangusha nishati kutoka kwenye kidato kabla ya wakati. Ndiyo maana unga bora wa kupandisha nuru hadi leo haukujengwa katika titani bali katika floridi, ambazo mtikisiko wake ni wa upole. Mafundi wengi hutengeneza kiini cha floridi na kukivika ganda la titani.

Kizuizi cha tatu ni jua lenyewe. Kwa kuwa fotoni mbili lazima zifike karibu kwa wakati mmoja, mwanga ukipunguzwa nusu, kijani hakipungui nusu bali hubaki robo. Leza hutupa fotoni nyingi mno mahali padogo, jua huzitawanya. Hata chini ya leza, chembe hizi ndogo hurudisha asilimia chache tu ya nishati. Chini ya jua la kawaida hurudisha kidogo sana. Pengine unga wenye madini adimu huonekana kusafisha maji vizuri zaidi, lakini sababu ni kwamba ioni zile zinaizuia elektroni kurudi haraka katika pengo lake, si kwamba zimepandisha nuru. Kazi imefanyika, lakini sifa imepewa asiyestahili.

Kwa hiyo, afande, asije mtu kambini na chupa ya unga mweupe akadai kwamba kijiko kimoja na mwanga wa jua vitayafanya maji ya kijito yawe salama. Njia ya jua iliyothibitishwa ipo, nayo haihitaji unga. Maji yaliyo maangavu hutiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ikalazwa juani saa sita; mawingu yakitanda, siku mbili. Urujuanimno ule mdogo, pamoja na joto, huua vijidudu vingi. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Kimasai nchini Kenya, nao waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa juani walipungukiwa na ugonjwa wa kuhara. Kikosi kilicho doria bila kuni wala dawa ya klorini kinaweza kuitumia njia hiyo leo. Maji ya matope lakini hayafai. Lazima yachujwe kwanza. Na penye nafasi ya kuyachemsha, yachemshwe.

Kama kupandisha nuru hakujaweza kusafisha tangi la maji, je, ni bure? Hasha. Palipo na leza, na panapohitajika mwanga mdogo tu wa kuonekana kwa jicho, kazi yake ni kubwa, na hapa ndipo polisi wanapohusika.

Fikirini alama ya kidole juu ya sanduku lenye picha za rangi nyingi. Askari wa upelelezi hupaka unga, lakini michoro ya sanduku huuficha mstari wa kidole. Akitumia taa ya urujuanimno, sanduku lenyewe nalo huwaka. Lakini vitu vya kawaida vikimulikwa kwa infraredi havitoi kijani; havina vidato. Unga wenye iterbi na erbi ukipakwa juu ya alama hiyo na kumulikwa kwa leza ya nanomita 980, mistari ya kidole huonekana kwa kijani juu ya giza, na sanduku hunyamaza. Watafiti wamekwisha kuionyesha njia hiyo katika maabara, kwenye kioo, chuma na plastiki.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya wino wa namna hii ufae kulindia hati na lebo za bidhaa. Mghushi huweza kununua wino unaong'aa chini ya taa ya buluu. Wino unaong'aa chini ya infraredi ni mgumu zaidi kuupata, kwa kuwa mizani ya ioni zake, ukubwa wa chembe zake na muda wa mng'ao wake vyote ni sahihi za siri. Wanajeshi na mafundi wa leza nao hutumia kadi ndogo zilizopakwa unga wa aina hii: mwale usioonekana ukiigonga kadi, huonekana nukta ya kijani, na mtu akajua mwale unapita wapi. Hapa pana onyo. Leza ya infraredi huunguza jicho bila mtu kushtuka, kwa sababu jicho haliioni wala halipepesi. Asiyefunzwa na asiyevaa miwani yake maalumu asiiguse.

Sasa turudi Makuutu, tukijua tunachokitafuta. Katika wilaya za Bugweri, Bugiri na Mayuge, mvua na joto la zama nyingi vimeyalegeza mawe na kuziacha ioni za madini adimu zikiwa zimeshikamana na udongo wa mfinyanzi. Huoshwa kwa maji ya chumvi maalumu, ioni zikaachia udongo. Makadirio yaliyotolewa na kampuni mwaka 2022 yalikuwa tani milioni 532 za udongo, zenye wastani wa gramu 640 za oksidi za madini adimu katika kila tani. Januari 2024 Serikali ilitoa leseni ya uchimbaji mkubwa.

Pigeni hesabu. Lori la tani 10 za udongo lina kilo 6 na kidogo za oksidi, tena zikiwa mchanganyiko wa aina zote, na ndani yake erbi, iterbi na thuli ni sehemu ndogo. Basi mtu akija na gunia la udongo katika hoteli ya Kampala, akidai ni madini adimu ya mamilioni ya dola, askari anayeijua hesabu hii hahitaji maabara kumtilia shaka. Mji huu umekwisha kuona kesi za dhahabu bandia za kutosha; usije ukafunguliwa soko jingine la uongo.

Thamani haimo katika udongo. Imo katika kuzitenganisha ioni hizo moja moja, kazi yenye hatua mamia, kwa kuwa elementi hizi hufanana kama ndugu mapacha. China ndiyo iliyoimiliki kazi hiyo zaidi. Mwezi Aprili 2025 iliweka masharti ya vibali kwa kusafirisha nje elementi saba za jamii hii. Mwezi Oktoba ilitangaza kuziongeza tano nyingine, na miongoni mwake zilikuwamo erbi, thuli na iterbi, zile zile tulizozisimulia. Mwezi uliofuata tangazo hilo la pili likasimamishwa kwa mwaka mmoja. Mataifa makubwa yalishtuka. Yalitambua kwamba mwenye migodi si lazima awe mwenye nguvu. Mwenye nguvu ni yule anayejua kutenganisha. Serikali yetu imesisitiza mara nyingi kwamba madini yasiuzwe nje yakiwa ghafi. Neno hilo litapata uzito siku vijana wetu, wakiwamo watoto wanaosoma leo katika shule za kambi ya Nsambya, watakapoijua kemia ya kuyatenganisha.

Na kwa askari atakayepangiwa zamu katika machimbo hayo, ajue kinacholindwa ni nini. Hakuna atakayeiba utajiri wa Makuutu kwa kuutia mfukoni. Kinachoweza kuibiwa ni maji ya wananchi. Kusini mwa China, katika mkoa wa Jiangxi, udongo wa namna hii ulioshwa ovyo kwa miaka mingi, chumvi na asidi zikaingia katika mito na mashamba, na kuvisafisha kumegharimu fedha nyingi. Mlinzi akiona mtaro wa maji ya kuoshea umepasuka kuelekea kijitoni, hilo ni tukio la kuandikwa katika kitabu cha matukio na kuripotiwa saa hiyo hiyo, sawa na lango lililovunjwa.

Ndugu wasikilizaji, hayo ndiyo maelezo yetu ya leo juu ya nuru dhaifu na ngazi inayoipandisha. Yatumieni: mulikeni noti mkijua taa inafanya nini, anikeni chupa juani bila kungojea unga wa mtu, na mtu atakapokuja na maneno matamu kuhusu udongo wa Busoga, mwulizeni kwanza ni gramu ngapi kwa tani.